Mkono wa Pembeni ya Picha

Treni ilikuwa imechelewa na ukumbi wa tiketi umefurika. Watu wamekalia mabegi yao, kipaza sauti kinarudia tangazo lile lile ambalo hakuna aliyekuwa akilisikiliza. Mpiga picha alikuja kumpokea shangazi yake, kamera begani kama kawaida. Kando ya nguzo akamwona mwanamke mwenye blauzi nyeupe ya mikono mirefu, kichwa kakiinamisha, anacheka kama mtu aliyesahau kwamba yuko mbele za watu. Akabonyeza mara moja.

"Kaka, hiyo picha umepiga kwa ruhusa ya nani?"

"Ningeomba ruhusa, kicheko kingekimbia."

"Basi ngoja nikimbie na kamera yako, tuone utacheka."

Mwanamke huyo, aliyekuwa amemsogelea peke yake, alikuwa fundi wa kusaga vioo vya miwani. Alimpa namba kwa sharti kwamba ni ya kutumiwa picha, si ya salamu. Siku ile ile jamaa akapiga kusalimu. Akaambiwa amekosea namba, kisha wakaongea mpaka salio likaisha.

Zikapita wiki tano za simu na chai za saa za mapumziko. Mpiga picha alimwita Fundi. Fundi alimwita Bwana Mwanga, maana hakuna chumba alichoingia bila kukagua dirisha kwanza. Fundi alimwambia anaishi na mama yake. Kwamba mama huyo haoni, hakusema. Kuna mwanamume aliyewahi kumchumbia akamshauri, kwa upole kabisa, ampeleke mama kwa kaka yake kabla ya harusi. Harusi ikafia hapo hapo. Safari hii alitaka kumjua mtu kwanza.

Bwana Mwanga naye alikuwa na kazi na ile picha. Hakutaka kuituma kwenye simu, alitaka kumkabidhi mkononi, imekamilika. Aliigeuza nyeusi na nyeupe kwa sababu begi jekundu la abiria mmoja lilikuwa linavuta macho yote. Akatia mwanga kidogo machoni, akaacha kovu la kidevuni na mikunjo ya kicheko. Kisha akakata pembeni: begi likaenda, nguzo ikaenda. Ukabaki mkono wa mtu umeshika blauzi karibu na kiwiko. Kwa jinsi alivyojifunza kazi, kisichosaidia picha huondolewa. Akaufuta, akaziba pengo kwa kitambaa cha bega.

Alimkabidhi kwenye mgahawa ulio mkabala na duka la miwani. Fundi aliitazama kwa muda mrefu, uso umemlainika. Halafu kidole chake kikasimama kwenye kiwiko.

"Hapa palikuwa na mkono."

"Ah, ule. Wa mtu tu wa foleni. Ulikuwa unaharibu."

"Ulikuwa unaharibu," Fundi alirudia, polepole. Akairudisha picha kwenye bahasha, akaiacha mezani, akasema vioo vya mteja vinamsubiri.

Tangu hapo simu ikawa inaita tu. Shangazi mtu alipoona mpwa wake anakula bila hamu, alimuuliza kama ameachwa au anaumwa jino. Akamjibu kwamba hajui.

Siku ya nne alifungua picha ya awali, ile isiyoguswa, akaivuta ikajaa kioo chote cha kompyuta. Mkono ulikuwa wa mwanamke mzee. Haukumvuta Fundi, wala haukumsukuma. Ulikuwa umetulia pale kama mkono uliozoea mahali pake. Nyuma ya nguzo, kivulini, ikaonekana nusu ya uso, mdomo karibu na sikio la Fundi, kidevu kile kile. Macho yalikuwa yanatazama kusikokuwa na kitu. Mpiga picha akajiegemeza kwenye kiti. Alikuwa amemwacha mwanamke anacheka na hewa.

Akaanza upya. Safari hii alikata upande wa kulia, akapandisha mwanga wa kivuli cha nguzo mpaka uso wa mama ukajitokeza. Mkono akauacha katikati kabisa.

Alikwenda dukani, akapanga foleni kama mteja. Zamu yake ilipofika akaiweka picha juu ya kaunta.

"Nilikata vibaya," alisema.

Fundi alivua glavu kabla ya kuigusa. Wenzake nyuma wakajifanya wana kazi nyingi.

"Haoni," alisema mwishowe. "Hunishika hivyo kila tunapotoka. Ningekwambia mapema, niliogopa. Lakini ukweli ni huo, Bwana Mwanga. Anayenitaka mimi, anauchukua na mkono huu. Haukatwi."

"Nimeelewa. Ni siku gani naweza kuja kumsalimia?"

Jumapili alikwenda, shati jipya, viatu vimepigwa rangi. Mama aliketi wima sebuleni, akapokea shikamoo yake.

"Wewe ndiye uliyenifuta?"

"Ndiyo, mama."

"Na umekuja kufanya nini?"

"Kumposa binti yako. Najua nilitakiwa kuleta wazee, watakuja. Nimetaka wewe usikie kwanza."

"Mama, hata mimi sijaulizwa," Fundi akadakia.

"Ngoja, nauliza ya maana. Kijana, kwako kuna ngazi?"

"Naishi juu ya studio. Ngazi arobaini na moja."

"Basi mimi huko siji, na huyu haji bila mimi. Tafuta nyumba."

Chumba kile cha juu kilikuwa na dirisha kubwa kuliko yote mtaani. Alikuwa amekitafuta miaka mitatu. Alimgeukia Fundi. Fundi hakumsaidia, alimtazama tu, mikono imeshikana mapajani.

"Nitatafuta," alisema. "Fundi, sasa nakuuliza wewe."

"Tafuta kwanza," Fundi alijibu. Lakini alikuwa anacheka, na hakuacha hata alipoinuka kumwekea chai.

Walizunguka watatu wiki nzima, mama katikati, mkono mmoja kwa binti, wa pili kwa mkwe mtarajiwa. Nyumba ya nne ndiyo waliyoichukua. Madirisha yake ni madogo na sebule ina giza mpaka mchana, lakini kizingiti chake kiko sawa na ardhi.