Mita Tatu za Mkato

Kila siku kabla ya saa moja asubuhi, mama yake Mkato alishuka vidato mia na kumi na vinne hadi kwenye maji ya bwawa. Huko chini palikuwa na ubao mrefu wa chuma uliopigwa namba, uliosimama ndani ya maji. Mama alisoma maji yamefika wapi, akapanda tena akihema, akaingia kibandani juu ya ukuta wa bwawa, akaandika namba kwenye daftari, kisha akapiga simu kwenye mtambo wa umeme. Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kukosa hata siku moja.

Binti yake aliitwa Mkato kwa sababu hakuna kazi ambayo hakuitafutia njia ya mkato. Alifagia katikati ya chumba tu, akisema pembeni hakuna anayepita. Vyombo alivisugua upande mmoja, ule unaoonekana kabatini.

Wiki ile mama aliteleza akateguka mguu.

"Mwanangu, itabidi unisaidie kusoma kipimo," alisema. "Ushuke mpaka chini, uione namba kwa macho yako."

Siku ya kwanza Mkato alishuka kweli. Maji yalikuwa mita arobaini na nane na sentimita ishirini. Alipofika juu tena miguu ilikuwa inamtetemeka, na alijionea huruma sana. Siku ya pili aliketi kibandani akafungua daftari. Aliona kwamba siku zote zile maji yalikuwa yanapanda sentimita mbili mbili. Sasa ya nini kujitesa? Akaandika ishirini na mbili, akapiga simu. Siku ya tatu akaandika ishirini na nne, ya nne ishirini na sita. Hakuna aliyeuliza kitu. Alianza hata kumsikitikia mama yake, aliyepoteza miaka kumi na moja kwenye ngazi.

Siku ya tano kulikucha baada ya mvua kubwa iliyopiga bati mpaka asubuhi. Mkato alitafakari. Mvua kama ile kuiandikia sentimita mbili itakuwa ni kuidharau. Akaipa mita tatu.

"Hamsini na moja na sentimita ishirini na sita," alisema kwenye simu.

Kijana wa zamu kwenye mtambo alikuwa na wiki moja tu kazini. Mbele yake palibandikwa karatasi: maji yakizidi mita arobaini na tisa na nusu, piga king'ora. Naye hakujiuliza mara mbili. Akapiga.

King'ora kililia hadi vioo vikatikisika. Watu wote waliokaa kando ya mto, chini ya bwawa, wakatoka mbio kuelekea mlimani. Mwalimu mkuu alikimbia na povu la sabuni kwenye shavu moja, lile jingine akiwa ameshalinyoa. Fundi cherehani alibeba cherehani yake kichwani, na mteja alimfuata nyuma akipiga kelele.

"Fundi, suruali yangu!"

"Ina mguu mmoja! Kimbia kwanza!"

Bibi mmoja alifika juu na kuku wawili kwapani, akageuka kuutazama mto. "Jamani, hayo maji yako wapi? Nimekimbia mpaka pumzi zimeniisha, na hata kisigino hakijalowa!"

Mkato alitazama umati ule ukijaa uani kwao, pale mlimani kando ya ukuta wa bwawa, akaelewa. Mama yake alikuwa ametoka nje, akijiegemeza kwenye ufagio.

Mhandisi wa bwawa alifika na daftari mkononi, jasho likimtiririka. "Mama, daftari lako linasema maji yamefika mita hamsini na moja. Ukuta wetu mzima una mita hamsini. Kwa hiyo mimi hapa nilipo ni samaki?"

Watu wakacheka, lakini mama hakucheka. "Daftari langu halijawahi kusema uongo," alisema kwa uchungu.

"Leo limesema. Na kama siwezi kuliamini, itabidi nitafute msomaji mwingine."

Mama alimgeukia binti yake. "Mwanangu, labda namba zilikuwa na tope?"

Hiyo ilikuwa njia ya mkato nzuri kuliko zote. Mkato angeitikia tu, mambo yakaisha. Lakini alimwona mama yake akisimama kwa mguu mmoja mbele ya watu, akimtetea, na machozi yakamtoka.

"Hapana, mama. Sikushuka. Siku nne sijashuka. Nilibuni."

Mhandisi alifunga daftari polepole, akamwomba mama radhi. Kisha akamwambia Mkato, "Mizigo hii yote haiwezi kurudi chini yenyewe."

Ikamlazimu kushuka na kupanda hadi jioni, akiomba msamaha nyumba kwa nyumba. Cherehani peke yake ilimtoa jasho kuliko vidato vyote vya bwawa.

Walipokuwa wanakula, mama alimwambia, "Leo king'ora kimelia bure, watu wamecheka, yamepita. Mimi naiogopa siku kitakapolia kweli, watu wakasema, 'Ah, ni yule mtoto tena,' wakabaki vitandani mwao. Watu wanalala pembeni ya mto kwa sababu wanaamini kuna mtu ameyaangalia maji. Ukidanganya kwenye kazi kama hii, unacheza na roho za watu."

Asubuhi iliyofuata Mkato alishuka mpaka chini, akasoma, akarudia kusoma. Akapanda na kupiga simu.

"Arobaini na nane na sentimita thelathini na moja, kaka."

Kijana wa zamu akauliza, "Umeyaona?"

"Nimeyaona. Mpaka nimeyagusa."

"Haya. Usikate simu. Ngoja kwanza nichungulie dirishani."

Mkato akasubiri bila kununa. Kijana yule aliendelea kuchungulia dirishani kila asubuhi kwa wiki tatu nzima.