Msusi na Bwana Kumi Tena

Kwaru, kwaru, kwaru. Alfajiri na giza lake, binti wa miaka mitano alishtuka kitandani.

"Mama, panya!"

"Lala, mwanangu. Ni zoezi la bega, vidole vyangu vinapanda ukuta."

Mama mtu alikuwa msusi. Aliteleza bafuni, akaangukia bega, likakakamaa. Na msusi asiyeweza kuinua mkono atasuka nini? Ndipo akajikuta kliniki ya viungo, kwenye foleni ndefu, kisha mbele ya tabibu, mwanamume mrefu aliyekunja mikono ya shati jeupe.

Wagonjwa walimwita Bwana Kumi Tena. Alilaza taulo la moto begani, kisha akauvuta mkono polepole, kama anayefungua mlango wa chumba alicholala mtoto mchanga.

"Hapo panauma?"

"Panauma, Dokta."

"Basi tunaishia hapo. Kesho tutasogea kidogo. Haya, kumi tena."

"Kumi tena, kumi tena! Huko shuleni hawakukufundisha namba nyingine?"

Tabibu alicheka hadi mzee wa kitanda cha jirani, aliyekuwa akinyoosha goti, akacheka naye. Msusi alimtazama akimsaidia mzee yule kusimama bila kumharakisha, akapoteza hesabu ya kumi zake.

Wiki ya tano, ghafla akamwambia: "Kuanzia leo utahudumiwa na dada yule, tabibu mwenzangu." Hata machoni hakumtazama.

Msusi alirudi nyumbani kavimba kwa hasira. Simu ikaita, akaiacha. Ikaita tena. Mara ya tatu akapokea.

"Kama nimekuchosha, ungesema tu!"

"Ningekuchoka ningekupigia mara tatu?"

"Mbona umenitupa, sasa?"

Mwanamume akasema, "Kazi yetu ina miiko. Mgonjwa anatibiwa, hatongozwi. Nilipojikuta Ijumaa naisubiri Jumatatu kwa ajili yako, nikajua mikono yangu haistahili tena kulishika bega lako. Yule dada ananizidi ufundi."

"Ungeniambia palepale."

"Ukiwa umelala kitandani pale kliniki, mkono wako nimeushika mimi? Ungekataaje?"

Msusi akakaa kitako kitandani. Tangu azaliwe, hakuna mwanamume aliyewahi kumfikiria hivyo.

"Haya, Bwana Kumi Tena. Sasa iweje?"

"Upone kwanza. Siku dada akikuruhusu, nitakuja kwako na swali moja."

"Swali gani?"

"La ana kwa ana, mpenzi."

Zikapita wiki saba. Dada akamruhusu Alhamisi. Ijumaa alisuka vichwa viwili. Jumamosi mwanamume akabisha hodi, shati la samawati limenyooka kwa pasi, jasho linamtiririka utadhani yeye ndiye mgonjwa. Hata kiti alisahau kukalia.

"Utakubali nikuoe?"

Msusi, mwenye mdomo wa kujibu saluni nzima, alifungua kinywa na neno halikutoka. Akashika pindo la gauni lake jekundu. Macho ya mwanamume yakashuka sakafuni.

Binti akachungulia kutoka nyuma ya pazia.

"Mama alisema ndiyo jana, mbele ya kioo."