Sabuni Iliyosingiziwa

Kila alasiri akitoka shule, Pilipili alivua sare na kwenda uani kumsaidia mama yake kutengeneza sabuni. Mama alikata miche kwa waya, naye alipanga vipande rafuni vikauke. Jina hilo la Pilipili walimpa wenzake darasani, maana yeye na hasira walikuwa kama ulimi na mate.

Siku moja alipita dukani akakuta sabuni ya jirani yao, Mama Pacha, imepangwa mbele ya sabuni ya mama yake. Rangi ileile ya kijani, harufu ileile ya mchaichai. Damu ikamchemka. "Ametuiga! Mwizi mkubwa!"

Kesho yake akawanong'oneza wenzake, "Msinunue sabuni ya Mama Pacha. Inababua ngozi." Alijua ni uongo, akausema hivyo hivyo.

Wenzake wakawaambia mama zao. Mama zao wakamwambia msusi wa mtaa, naye akawaambia wateja wake, kila mmoja akiongeza chumvi. Wiki haijaisha, ikawa kila sabuni ya kijani ni sumu. Mwenye duka akazirudisha zote, hata za mama yake Pilipili.

Mama Pacha aliingia uani akihema kwa hasira. "Dada, ni nani huyu anayetumaliza?"

"Ningemjua, angenitambua!" mama akajibu.

Pilipili akashindwa kujizuia. "Si wewe uliyetuiga?"

Mama akamgeukia, macho yamemwiva. "Nani kakwambia ameiga? Sabuni yangu ilikuwa ikipasukapasuka, yeye ndiye aliyenifundisha kupunguza magadi. Mchaichai nilimpa mimi. Mafuta tunaagiza pamoja ili tuuziwe kwa nafuu. Hata kwa mwenye duka, alinipeleka yeye!"

Pilipili akasema kwa sauti ya chini, "Mama... ni mimi niliyesema inababua."

"Wewe?" Mama Pacha alipiga kelele. "Watoto wangu wanaogea sabuni hiyohiyo! Watu wananikwepa njiani kama nina ukoma, kumbe ni wewe?"

Pilipili akaanza kulia.

"Machozi yako hayauzi sabuni," mama alisema kwa ukali. "Ulikopita uongo, ukweli nao utapita huko huko. Na wewe ndiye utakayeubeba."

Asubuhi, Pilipili alimwomba mwalimu ruhusa, akasimama mbele ya darasa na kukiri. Baadhi walimzomea. Jioni akaenda kwa msusi, akakiri tena na kunawa uso kwa sabuni ya Mama Pacha mbele ya wateja.

"Umenifanya mwongo, mtoto wewe!" msusi alifoka. Lakini alipoona uso ule hauna hata upele, akageukia wateja. "Haya, mmeona wenyewe. Kawaambieni na wengine."

Habari zikatembea, ingawa polepole kuliko uongo. Hatimaye mwenye duka akaagiza tena sabuni za wote wawili.

Mama Pacha alikuja na sanduku la sabuni zake kuchukua na za mama yake Pilipili azipeleke dukani, uso bado umekunjwa.

"Sijasahau," alimwambia Pilipili. "Ila sikiliza, mwanangu. Bidhaa haikui kwa mikono ya mtu mmoja. Yuko anayekufundisha, yuko anayekupokelea, yuko anayekusifia usipokuwepo. Watu hao ni kama wavu unaokushika usianguke. Ukikata uzi wa mwenzako kwa uongo, unaanguka na wewe pia."

"Nisamehe, mama mdogo."

"Nitakusamehe tukishafika dukani. Shika sanduku upande huo, tubebe."