Idd Bila Wivu

"Leo ukinionea wivu hata mara moja, Fahad, usitume wazee kwetu. Umenisikia?"

"Nimesikia, Zulekha."

"Juzi ulimfokea muuza miwa. Babu mzima, hana hata jino!"

"Jino hana, lakini macho anayo."

Zulekha akamkata jicho.

Ilikuwa siku ya Idd, na uwanja wa Mwingi ulikuwa umeletewa bembea na kile kigari cha reli ambacho Fahad alikuwa amekivumisha mwezi mzima: kinapanda angani, kinashuka kama mwewe! Kumbe kilima chenyewe cha reli hakikufika hata paa la duka.

"Ndicho hiki?" Zulekha akauliza.

"Ngoja kianze."

Mutisya, mwenye mtambo, aliwapanga watu kama mbuzi wa lori.

"Wepesi mbele, wazito nyuma! Dada, kaa na huyu. Wewe bonge, rudi nyuma."

"Huyu ni wangu," Fahad akasema.

"Ni wako chini. Juu ni wa reli."

Basi Zulekha akaketi mbele na Munyao, kijana mwembamba mwenye shati jipya. Fahad akatupwa nyuma kabisa, kando ya Farhiya, muuza maziwa ya ngamia.

Kigari kikakoroma, kikajikokota hadi juu. Munyao akamshika Zulekha mkono. Damu ya Fahad ikachemka kama chai iliyosahauliwa jikoni. Akauma ulimi.

Mara kigari kikasimama.

"Stima imepotea!" Mutisya akaita. "Tulieni!"

"Mwaitu! Mwaitu wakwa!" Munyao akamlilia mama yake, mkono wa Zulekha bado hajauachia.

Fahad akafungua mdomo. Akawakumbuka wazee. Akaufunga. Simu yake ikalia. Ujumbe wa Zulekha.

"Huyo ni nani amekulalia bega?"

Fahad akageuka. Kweli! Farhiya alikuwa amejificha begani mwake, macho amefumba. Fahad hakuwa hata amemhisi. Roho yake yote ilikuwa kiti cha mbele.

"Abiria," akajibu. "Si ulisema leo hakuna wivu?"

"Mwambie atoe kichwa."

"Anaogopa."

"FAHAD, ATOE!"

Kabla hajaandika neno, Zulekha alikuwa amesimama, amegeuka nyuma, buibui linapepea.

"Wewe dada! Hilo bega lina mwenyewe!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Farhiya akafumbua jicho moja.

"Kwani umelilipia mahari?"

Zulekha akaketi. Mutisya na wenzake wakapanda, wakakisukuma kigari kwa mikono, kikashuka polepole kama punda aliyechoka. Safari ikaishia hapo.

Chini, Zulekha alitazama viatu vyake.

"Mimi sijasema neno," Fahad akasema.

"Najua."

"Umeshikwa mkono juu huko, nami nimeuma ulimi. Tazama."

Akautoa nje. Zulekha akajizuia, akashindwa, akacheka.

"Sasa wazee niwaache nyumbani?"

"Nani amesema? Walete Ijumaa."

Zulekha akamtupia jicho Farhiya, aliyekuwa akijipangusa vumbi huku akimtabasamia Fahad.

"Hapana. Walete kesho."