Barua Iliyonukia Iliki

Kila asubuhi Fosiya alitoka nyumbani kwao Kitengela akiwa na mkoba mgongoni na ladha ya chai ya mamake mdomoni. Mama Kafiya hakujua kupika chai ya majani matupu. Yake ilikolea iliki na mdalasini, na majirani walijua imeiva kabla hata ya kubisha hodi.

Jumatatu moja Mwalimu Nzilani alitundika ramani ya Amerika Kusini mbele ya Gredi ya Saba. "Hii ndogo ni Guyana," alisema. "Hii kubwa ni jirani yake, Venezuela. Venezuela inadai kwamba eneo hili la Essequibo ni lake. Nalo ni kama theluthi mbili ya Guyana."

"Mwalimu, si watabaki na kipande tu?" Fosiya aliuliza.

"Ndiyo. Na watu wote wa Guyana hawafiki idadi ya watu wa kaunti yetu ya Kajiado."

Fosiya alishangaa. Nchi nzima, yenye bendera na rais wake, ipitwe na Kajiado! Tena, Mwalimu aliongeza, haikukimbilia vita. Ilibeba makaratasi yake ikaenda kusimama mbele ya mahakama ya dunia.

Ijumaa darasa lingegeuka mahakama, na majaji wangekuwa wanafunzi watatu wa Gredi ya Nane. Mbaluka, ambaye sauti yake husikika hadi uwanjani, angeitetea Venezuela. Fosiya angeitetea Guyana. Akishindwa, Essequibo ingepakwa rangi ya Venezuela kwenye ramani kubwa waliyochora ukutani.

Fosiya alisoma hadi macho yakamuuma. Alipata kwamba mpaka ulikuwa umeamuliwa na majaji mwaka wa 1899, na karibu Essequibo yote ikabaki upande wa Guyana. Lakini Mbaluka naye hakulala.

"Huo uamuzi Venezuela iliukataa," alimwambia Alhamisi. "Uko na kitu kingine?"

Hofu ikamwingia. Jioni hiyo alibuni ushahidi: aliandika barua ya mzee wa Essequibo ambaye hakuwahi kuzaliwa, akaichovya kwenye chai iliyobaki jikoni, akaianika. Ilipokauka ilionekana kuukuu kweli kweli, naye akajipongeza.

Siku ya kesi alianza vizuri. Alisoma habari za 1899, majaji wakatikisa vichwa kukubali. Kisha, kwa kutotosheka, akatoa ile barua.

Mbaluka aliipokea, akaigeuza, akainusa.

"Waheshimiwa majaji, hii barua inanukia iliki! Hii ni chai ya kina Fosiya. Mimi nilikunywa kwao siku ya Idi!"

Darasa likaangua kicheko. Mbaluka hakucheka. "Na kama hii ni ya uongo, tutajuaje zile habari za 1899 si uongo pia?"

Kicheko kikakatika. Fosiya aliiona nchi yake ndogo ikiponyoka, na aliyeiachilia ni yeye mwenyewe. Aibu ikamchoma.

"Barua niliandika mimi," alisema, machozi yakimlengalenga. "Nimekosa. Lakini habari za 1899 ziko kwenye kitabu. Someni wenyewe."

Akawapa kitabu. Walipokuwa wakisoma, aliwaeleza yaliyomshangaza tangu Jumatatu: watu wachache kuliko wa Kajiado, jirani mwenye watu zaidi ya milioni ishirini, na bado wanasimama na kusema. Darasa zima liliinama mbele kumsikiliza. Hata Mbaluka alisahau kuketi.

Majaji walinong'onezana. "Sisi hatuwezi kuamua kesi ya dunia," mmoja akasema. "Lakini Venezuela haijatuonyesha sababu ya kubadilisha ramani yetu leo. Essequibo ipakwe rangi ya Guyana. Na Guyana ikatwe alama kwa sababu ya chai."

Mwalimu Nzilani alimwita Fosiya. "Guyana haina ukubwa wa kumtisha mtu. Kinachowafanya majaji waisikilize ni ukweli wake. Wewe ulikuwa na ukweli wa kutosha, ukauchafua kwa woga. Siku nyingine ukiwa mdogo mbele ya mkubwa, shika ukweli ulio nao na usiongeze kitu."

"Nimesikia, Mwalimu."

Mbaluka alileta brashi na mkebe wa rangi ya kijani, ile ya Guyana. "Shika, wakili wa chai," alisema akitabasamu.

Fosiya aliipaka Essequibo polepole, mkono umetulia. Alipofika mpakani alisimama pale pale, asivuke mstari hata kidogo.