Makucha ya Chuma Juu ya Barafu

Kila asubuhi ya safari, Pitsiula alikuwa na kazi tatu: kuyeyusha barafu ya chai, kukunja hema, na kuteremsha makucha ya pikipiki ya theluji. Makucha hayo ni vyuma viwili vyembamba vilivyofungwa kandokando ya mkanda wa nyuma. Penye theluji laini hayana kazi, kwa kuwa mkanda wenyewe hurusha theluji juu, chini ya kiti, kwenye mabomba ya maji ya kupozea injini. Lakini penye barafu kavu ni lazima makucha yaikwaruze barafu na kurusha chembechembe zake. Bila hayo, injini huchemka.

Msichana huyo wa miaka kumi na miwili aliyajua haya yote. Ndiyo maana asubuhi ile alikwepa kuitazama pikipiki.

Jana yake, shangazi yake Ulayuk alipokuwa bado anavua samaki upande wa pili wa kisiwa walikopiga kambi, Pitsiula aliwasha pikipiki bila ruhusa. Alitaka mdogo wake Tuumasi, wa miaka minne, aone kwamba dada yake naye ni dereva. Akairudisha nyuma makucha yakiwa chini, jambo ambalo kila mtoto wa kijiji chao cha Ikpialuk hukatazwa mapema. Ukucha mmoja ukakatika, wa pili ukapinda kuelekea juu. Alikifukia kile kipande thelujini, akamhonga Tuumasi biskuti ili anyamaze.

Sasa shangazi alikuwa anakaza kamba za sleji, kigari kisicho na magurudumu ambacho pikipiki ingekikokota hadi nyumbani.

“Baba, umeteremsha makucha?”

Alimwita baba kwa sababu Pitsiula alikuwa na jina la marehemu babu yake, baba mzazi wa Ulayuk. Kwao, anayerithi jina hupewa na heshima yake. Shangazi hakuwahi kumfokea wala kuikagua kazi yake, maana nani atamkagua baba yake? Wenzake shuleni walimtania kuwa yeye ni mzee asiye na ndevu, naye alijisikia kweli.

“Nimeteremsha, Shangazi.”

Wakaondoka juu ya bahari iliyoganda, kuelekea pwani. Upepo ulivuma kutoka nchi kavu kwenda baharini, na Ulayuk hakuupenda hata kidogo. Karibu na pwani kulikuwa na ufa waliouvuka juzi, mwembamba wa kurukwa na mtoto. Upepo wa namna ile ukishika kasi, ufa hupanuka, na wote walio upande wa bahari huchukuliwa na barafu yao. Pitsiula alikaa ndani ya sleji, amempakata Tuumasi, roho mkononi.

Njia yote ilikuwa barafu kavu. Haukupita muda, taa nyekundu ya joto la injini ikawaka. Shangazi alizima injini, akafunua kifuniko, akasubiri ipoe. Waliposafiri tena, taa iliwaka mapema zaidi, na harufu ya moto ikawafikia hadi nyuma. Mara ya tatu hawakufika mbali. Ulayuk alipima maji ya kupozea, akakuta yamejaa. Akapapasa mabomba, hakuona penye kuvuja. Makucha hakuyatazama. Alikwisha kujibiwa na baba yake.

Akasimama akiukabili upepo. Alisema pampu ya maji imekufa na spea hawana. Wataacha kila kitu, atambeba Tuumasi mgongoni, na watatembea saa mbili mpaka pwani. Hakusema kama ufa utawasubiri. Pitsiula alimwona shangazi akifungua kamba huku kila mara akigeuka kutazama upande wa ufa, jambo ambalo hakuwahi kumwona akilifanya. Alimwogopa shangazi, aliiogopa aibu, lakini maji meusi ya kule kwenye ufa aliyaogopa zaidi.

“Shangazi, pampu haijafa,” alisema. “Ni makucha. Niliyavunja jana, nikakudanganya.”

Ulayuk aliinama kando ya mkanda, akaugusa ukucha uliopinda. Pitsiula alitamani apigwe kofi, yaishe. Shangazi alimkabidhi koleo tu.

“Kalete theluji pale nyuma ya vilima vya barafu. Kimbia.”

Alikimbia akirudi na theluji kwenye gunia la samaki, mara saba au nane, huku machozi yakimganda mashavuni. Waliishindilia chini ya kiti, ikafuka mvuke na kutoa sauti kama mafuta kikaangoni. Ulayuk aliunyoosha ukucha uliopinda kwa kisogo cha shoka. Mahali pa ule uliokatika alifunga jino la mkuki wa kuvulia samaki, akalikaza kwa waya.

Pikipiki ikawaka. Makucha yakakwaruza, na chembe za barafu zikaruka. Kila taa ilipoanza kumeta, walisimama, wakaongeza theluji, wakaendelea. Walipoufikia ufa, ulikuwa umefika upana wa hatua mbili ndefu. Shangazi aliwaambia washike sana, akaongeza mwendo. Pikipiki ilivuka. Mkia wa sleji ulidumbukia majini, ukaibuka ukichuruzika, na Tuumasi akapiga kelele mpaka nchi kavu.

Walipogeuka, maji yalikuwa yamekwisha kuwa mapana kama mto. Pitsiula aliketi juu ya mwamba. Ulayuk aliketi kando yake, akamfunika kwa koti lake.

“Kuvunja chuma si kitu,” alisema. “Mimi mwenyewe nimevunja vingi. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na juu ya barafu ni fupi zaidi, tena huitembei peke yako. Uongo wako wa asubuhi ulimbeba Tuumasi, ukanibeba na mimi. Nami nina kosa langu. Niliamini jina, nikaacha kutumia macho. Kuanzia leo kila safari tutakagua sote wawili, na ukiharibu kitu utaniambia kabla sijauliza.”

“Nitakuambia, Shangazi.”

“Haya. Na ukweli wako nimeuona. Ungeusema nusu saa baadaye, tungekuwa kule.” Akaonyesha kwa kidevu ile barafu, ambayo sasa ilikuwa inakwenda zake baharini polepole, tupu.