Jani Jeusi la Bibi

Sikudhani ana miaka sita. Anakaa karibu na mdomo wa mto, pale maji matamu yanapokutana na maji ya chumvi.

Nyuma ya nyumba yao kuna mlima. Ni wa kijani, kijani, kijani, toka chini hadi juu.

Zamani, kila jioni, Bibi alimpakata Sikudhani. Kanga yake ilinukia karafuu.

"Nilipokuwa mdogo kama wewe," Bibi alisema, "mlima ule uliwaka moto siku saba. Majani meusi yaliruka kama ndege. Moja likatua hapa, kiganjani mwangu. Nikalipuliza, fuuu! Likaangukia mtoni, likaenda zake baharini."

Kisha Bibi alipuliza kiganja cha Sikudhani. Fuuu! Na Sikudhani alicheka.

Sasa Bibi hayupo. Mungu alimwita wakati wa masika. Kanga yake imekunjwa, iko sandukuni.

"Bibi alikuwa anatutania tu," alisema Shomari, kaka yake. "Tazama mlima! Unaona wapi palipoungua?"

Sikudhani alitazama. Hakuona kitu. Moyo wake ukawa mzito.

"Bibi hakuwa mwongo," alisema kwa sauti ndogo.

Shangazi Mwajabu alimsikia. Shangazi ni mtoto wa Bibi, na kazi yake ni kuchunguza matope. Ndiyo, matope!

Yeye na wenzake huenda baharini kwa boti. Huchomeka bomba refu chini kabisa, kisha hulivuta juu, limejaa tope.

"Tope la juu ni la juzi," alisema Shangazi. "Tope la chini ni la zamani. Msitu ukiungua, mvua huosha mkaa. Mto huubeba. Bahari huufunika kwa tope, ikautunza."

"Hata mkaa wa moto wa Bibi?"

"Kama moto ulikuwapo, tutaona mkaa wake. Kama haukuwapo, hatutauona. Tutasema kweli tu, mwanangu."

Mezani kwa Shangazi palikuwa na vifuko vinne vya tope. Kila kifuko kiliandikwa umri wa tope lake.

Sikudhani alianza na tope la mwaka jana. Alilitia kwenye chujio, akamwagia maji.

*Chwa, chwa, taratibu.*
*Tope la bahari, tupe jibu!*

"Mkaa!" Sikudhani aliruka. "Shangazi, uko mwingi!"

"Mwaka jana msitu haukuungua," alisema Shangazi. "Hebu nione mikono."

Lo! Mikono ilikuwa myeusi tii. Asubuhi Sikudhani alimsaidia mama kuwasha jiko la mkaa.

Shomari alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe moto mkubwa wa Bibi ni wa kupikia uji!"

Shangazi hakucheka. "Hata mimi nilikosea hivyo siku yangu ya kwanza. Nenda kanawe. Mkaa wa leo usichanganyike na wa zamani."

Sikudhani alinawa. Akanawa tena. Alinawa polepole, kama mtu anayetawadha.

Kifuko cha miaka ishirini.

*Chwa, chwa, taratibu.*
*Tope la bahari, tupe jibu!*

Mchanga tu.

Kifuko cha miaka arobaini.

*Chwa, chwa, taratibu.*
*Tope la bahari, tupe jibu!*

Mchanga, na kombe moja dogo la baharini. Shomari hakucheka tena. Alisogea karibu.

Kilibaki kifuko kimoja. Miaka sitini. Wakati huo Bibi alikuwa msichana mdogo.

"Bismillahi," alisema Sikudhani.

*Chwa, chwa, taratibu.*
*Tope la bahari, tupe jibu!*

Punje nyeusi! Moja, mbili, kumi, nyingi mno!

Shangazi aliweka punje moja chini ya hadubini, chombo cha kukuzia vitu vidogo. Sikudhani akachungulia.

Ilikuwa kipande cha jani. Jani jeusi, na mishipa yake bado inaonekana.

"Mama alisema kweli," Shangazi alinong'ona. Akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Nami siku zote nilidhani ni hadithi ya kutulaza."

Shomari alikuna kichwa. "Nisamehe, Bibi," alisema.

Jioni ile mama alifungua sanduku. Alimfunika Sikudhani kwa kanga ya Bibi. Bado ilinukia karafuu.

Wote walimwombea Bibi dua. Amina.

Shomari akajisogeza. "Hebu tusimulie ule moto."

Sikudhani alikohoa kidogo, kama Bibi. "Bibi alipokuwa mdogo kama mimi, mlima ule uliwaka moto siku saba. Majani meusi yaliruka..."

"Kama ndege?"

"Kama ndege! Moja likatua hapa."

Akashika kiganja cha kaka yake. Akapuliza.

Fuuu!

Shomari akacheka. Na lile jani likaenda zake baharini, kulala.